Kanuni Zikae Nje

Watu waliokuja kumzika mume wangu walirudi makwao na udongo wa kaburi mikononi. Sikuwa na maji ya kuwanawisha. Muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, ambao akina mama walikuwa wameutwanga kwa ajili ya wageni ulibaki kwenye karai, mkavu, kwa sababu muthokoi hunywa maji kuliko ng'ombe wa kulimia. Wazee walikaa kwenye viti vya kanisa wakilamba midomo. Mchungaji alihubiri mpaka sauti yake ikawa ya mbuzi. Na wakati huo wote bomba la mradi wa maji lilikuwa linapita chini ya shamba langu, limejaa. Ukiweka sikio pale kwenye kiungo unasikia maji yanakwenda kwa watu wengine.

Nilikwenda kwenye koki mwenyewe. Mjane hatembeitembei siku kama hiyo, najua, na wifi yangu alinishika nguo mpaka mshono ukaachia, lakini nilikwenda. Nilikuwa na mama mmoja wa kilima cha ng'ambo. Siku ile ilikuwa zamu yao ya maji, na wao wenyewe walikuwa wamemtuma aje aseme wametuachia.

Mlinzi wa koki alivua kofia.

“Pole sana, mama. Mungu awape nguvu. Lakini leo si zamu yenu.”

“Ng'ambo wametupa yao. Muulize huyu.”

“Ni kweli,” yule mama akasema. “Tumewaachia. Fungua.”

“Nimesikia. Lakini karatasi haijasema.”

“Karatasi imefiwa?” nikamuuliza.

“Mama, hapa mimi si kitu. Ni kompyuta ndiyo imesema. Nikifungua nitafutwa kazi.”

Yeye nilimsamehe zamani. Alikuwa na watoto na alikuwa na bosi. Kile ambacho sijakisamehe ni ile karatasi, na watu waliokaa Kitui mjini wakaona inafaa karatasi ipange maji ya watu isiowajua. Basi nitaandika jinsi nilivyopigana nayo. Nilisoma madarasa machache tu kabla sijatolewa nikachunge mbuzi, kwa hiyo anayetafuta maneno ya chuo kikuu aende chuo kikuu.

Mimi ni mtu wa Makueni, upande wa Salama. Niliolewa Kitui miaka ya sitini, mbele kidogo ya Migwani, na maji ya kwanza niliyochota nikiwa bibi arusi niliyachota mchangani. Mto wetu hauna maji juu. Unachimba kisima kwenye mchanga wake, unangoja, maji yanajikusanya polepole, unachota kwa kibuyu. Kila kilima kilikuwa na visima vyake, na sisi wanawake tuligombania mistari mpaka tukang'atana. Mimi nimemng'ata mtu na nimeng'atwa. Lakini nyumba yenye msiba haikupanga mstari. Hata ungekuwa adui yangu, ukija na kilio nakupisha, na kisima changu unakichota mpaka mchanga. Hakuna aliyetufundisha hilo shuleni. Ukilivunja, wanawake hawakuamkii, na hakuna adhabu mbaya kwetu kuliko kupitwa njiani kama mti.

Halafu mradi ukaja. Wafadhili walileta mabomba, mtaro tuliuchimba sisi. Tulikuwa na mwethya, kikundi chetu cha akina mama cha kufanya kazi kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na mwethya ndio ulioutoboa mwamba ule kwa sururu kutoka tangi la juu mpaka kilima cha mwisho. Mikono yangu bado ina alama. Kwa hiyo mtu asiniambie maji yale yalikuwa ya ofisi.

Mwanzoni zamu zilipangwa na karani kwa kichwa chake, na alikuwa binadamu: ukimwendea na kilio alihamisha zamu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wafadhili wakaleta kompyuta, na mwenyekiti wa kamati akatafuta mtaalamu kutoka Nairobi aandike programu ya kupanga zamu. Programu ikapanga. Kila wiki printa ilipiga kelele kama debe la mawe na karatasi zikapelekwa kwenye koki zote. Siku ya soko, mitihani ya shule, harusi, kifo, yote hayo haikuyajua. Kubadilisha neno moja lazima yule mtaalamu aandike programu upya na aje nayo kutoka Nairobi, akipata nafasi. Mwenyekiti alipenda sana mpango huo, kwa maana mtu akilalamika alikuwa na jibu: “Si mimi, ni kompyuta.”

Binti yangu wa mwisho ndiye aliyekuwa na jibu lingine. Alikuwa amesomea kompyuta Nairobi na alifanya kazi kwenye ofisi moja huko, kuchapa barua za watu kwa mshahara na kuandika programu kwa kujipendea, Jumamosi, bosi wake akimruhusu. Baada ya matanga alikaa nami siku kadhaa. Tulikuwa tunapukuchua mbaazi uani nikamuuliza kwa nini hiyo programu haiwezi kusikia neno la mtu.

“Kwa sababu imeshapikwa, mwaitu,” akaniambia. Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba. “Yule aliandika kanuni ndani kabisa, akaipika yote pamoja. Ukishapika huwezi kutoa chumvi.”

“Na wewe ungefanyaje?”

“Ningeweka mkalimani ndani yake.”

“Mtu?”

“Si mtu. Ni programu ndogo inayojua kusoma lugha moja fupi. Unaikalisha ndani ya ile programu kubwa. Zile kanuni za zamu unaziandika nje, kwenye faili ya maneno matupu. Asubuhi programu kubwa inamuuliza mkalimani, leo ni zamu ya nani? Mkalimani anaisoma ile faili mstari kwa mstari, anajibu. Ukitaka kubadilisha kanuni, unabadilisha maneno. Programu kubwa huigusi.”

Nilifikiri juu ya kanisa letu, jinsi mzungu alivyokuwa akisema neno moja na mkalimani wake anahubiri nusu saa.

“Na kama anaongeza ya kwake, kama yule wa kanisani?”

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tumzike baba yake. “Huyu haongezi hata nukta. Ndiyo shida yake. Ukisahau kusema, yeye pia amesahau.”

Nikamwambia aiandike. Sikumwomba, nilimwambia. Nilisema sitazikwa na karatasi ile ikiwa bado inatawala. Nikifa kabla hajamaliza wanitupe mtoni.

Alikwenda Nairobi, na Jumamosi zake zote zikaishia humo. Alipokuja kutembea alinisomea alichoandika. Programu kubwa alikuwa ameipa maneno ambayo mkalimani angeweza kuyatumia, na alikuwa ameyaita kwa Kiswahili: zamu, msiba, kubali, hamisha. Kanuni ya msiba ilisema hivi: kama kilima kina msiba, na kilima chenye zamu kimekubali, hamisha zamu. Mistari michache tu. Nilimfanya anisomee tena. Nilikuwa na hasira hata wakati wa kufurahi, kwa sababu niliona jinsi jambo lilivyokuwa dogo, na mume wangu alizikwa na watu wenye kiu kwa sababu ya jambo dogo hivyo.

Kamati ilikubali kuiangalia. Sitasema mwenyekiti alikubali. Vilima vilituma watu, sisi akina mama tukajaza ofisi mpaka veranda, akashindwa kutufukuza. Mtaalamu wa Nairobi naye alikuwepo, kwenye kiti kizuri, kwa sababu mkataba wake ulikuwa unaisha na mwenyekiti alitaka kuuongeza. Basi mambo yalikuwa wazi. Programu ya binti yangu ikifanya kazi, vilima vitakuwa na kanuni zao. Isipofanya kazi, tunarudi kwa ile karatasi.

Binti yangu akatia disketi. Mashine ikakoroma. Maandishi yakatokea, mstari mmoja, halafu mwingine, halafu yakasimama. Niliona shingo yake ikibadilika. Mama humjua mtoto kwa shingo.

“Inasema nini?” mwenyekiti akauliza.

“Inasema haioni moduli ya tarehe.”

“Kwa Kiswahili?”

“Mkalimani ameamka,” binti yangu akasema polepole, “lakini vyombo vyake vya kazi haviko. Kuhesabu kalenda, kupanga majina, hayo mkalimani hayajui kichwani, yako kwenye faili zake za pembeni. Moduli. Kule Nairobi ziko kwenye mashine. Hapa haziko.”

Mwenyekiti aliwageukia watu wake. “Mmesikia? Fundi amekuja, nyundo ameiacha kwa mama yake.”

Ofisi nzima ikacheka. Hata akina mama wengine walicheka, na majina yao ninayo. Mtaalamu hakucheka, hilo nitampa. Alisema tu kwamba ndiyo maana yeye hupika kila kitu pamoja. Mwenyekiti akampa binti yangu muda mpaka kikao kijacho, kwa sauti ya mtu anayemwachia mbwa mfupa.

Tulitoka. Nilimgeukia yeye, kwa sababu wao nilikuwa sina pa kuwapigia.

“Kwa nini hukubeba vitu vyako?”

“Sikujua kama si vyangu!” akanipigia kelele, pale barabarani, mbele ya wauza nyanya. “Kule vilikuwa vinapatikana tu. Programu ilinyosha mkono ikapata. Sikuwahi kuona ikiviazima.”

Hapo hasira yangu ikanigeukia mwenyewe. Msichana huyu alikua kwenye boma ambalo kinu kilikuwa kimoja kwa nyumba zote. Kinu kilikaa kwa mke mwenzangu, uteo wa kupepetea ulikaa kwangu, sufuria kubwa ilikuwa kwa wifi yangu. Ukitaka kutwanga hukuuliza kinu ni cha nani, ulikwenda ukatwanga. Ndivyo tunavyoishi na sina haya nayo. Lakini mtoto aliyelelewa hivyo akijenga kitu, anakijenga kama kwetu, kana kwamba jirani yupo daima na mlango uko wazi. Na Kitui kwenye mashine ile jirani hakuwepo.

“Sasa utafanyaje?” nikamuuliza.

“Nitazitia ndani. Kila moduli nitaigeuza iwe namba tupu, namba nizipike pamoja na programu. Halafu kabla mkalimani hajaamka ninamwonyesha orodha: hivi unavyo tumboni, tafuta humu kwanza, nje usiende. Hatahitaji kuazima kwa mtu tena.”

“Inawezekana?”

“Inawezekana. Wanafanya hivyo.” Alipangusa uso kwa kiganja. “Hakuna mtu atanicheka tena, mwaitu. Nakuapia.”

Laiti ningesikiliza vizuri maneno hayo ya mwisho. Nilisikia kiburi nikakipenda, kwa sababu ni changu.

Kikao cha pili kilijaa kuliko cha kwanza, watu wakija kuona akianguka tena. Alitia disketi. Mashine ikakoroma, na zamu zikatokea, safi, kilima baada ya kilima, na printa ikapiga kelele ikatoa karatasi. Nilipiga kigelegele mpaka mtu akaja kutoka duka la jirani. Binti yangu akaingiza msiba wa kujaribia kwenye kilima chetu, akaingiza kwamba ng'ambo wamekubali, na zamu ikahama mbele ya macho yetu. Yule mama wa ng'ambo aliyekuwa nami kwenye koki alikuwa amekaa karibu yangu. Alinifinya paja mpaka likauma.

Basi nikasimama. Nilitaka waone kile kizuri zaidi.

“Bwana mwenyekiti, naomba tubadilishe kanuni moja. Iseme hivi: nyumba ya msiba ipate maji siku ya mazishi na siku ya kunyoa nywele kumaliza matanga pia. Abadilishe sasa hivi, tuone.”

Binti yangu hakugeuka.

“Badilisha,” nikasema.

“Haiwezekani leo, mwaitu.”

“Kwa nini?”

“Kanuni pia nimezitia ndani.”

“Ndani wapi?”

“Pamoja na moduli. Nimepika zote. Ili kusikose kitu.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nikitaka kubadilisha lazima nirudi Nairobi.”

Hapo nilipandwa na mori. Sijui nilisema nini kwanza. Wifi yangu anasema nilipiga meza na kikombe cha mwenyekiti kikamwagika. Ninachokumbuka ni kumwambia mtoto wangu, mbele ya vilima vyote, kwamba ametuletea ile ile karatasi, tofauti ni kwamba hii ina damu yangu. Nilimwambia kwamba yule mtaalamu alikuwa mgeni na hakujua, yeye alijua. Nilimwambia baba yake anamsikia.

Mwenyekiti, yeye alifurahi. Alipangusa chai kwa leso, taratibu.

“Mama, tulia. Msichana amefanya vizuri sana. Mimi nilikuwa na wasiwasi juu ya hizo kanuni za kukaa nje, kila mtu anaingia anaandika yake. Zikiwa ndani ziko salama. Anayetaka mabadiliko ataleta ombi ofisini, mimi nitaliangalia, msichana ataandika.” Akamgeukia. “Binti, mradi utahitaji mtu wako wa kudumu wa kompyuta. Hapa hapa Kitui. Meza yako, jina lako mlangoni. Utakuwa karibu na mama.”

Kila mtu pale alijua kazi ya kudumu ni nini, na kwa mwanamke, na Kitui, ambako watoto wetu hutoka na hawarudi. Mimi pia nilijua. Nilimtaka arudi nyumbani kuliko nilivyotaka maji. Nasema hivyo na sijui kama ni vizuri, lakini ndivyo ilivyokuwa, na nilimchukia yule mwanamume kwa kulijua hilo.

Alisema atafikiri. Tuliketi kwenye hoteli moja ndogo nyuma ya soko, chai mbele yetu, hakuna anayekunywa.

“Ulinitukana mbele ya watu,” akaniambia.

“Nilikutukana. Na bado sijamaliza.”

“Walinicheka siku ile, wewe ulikuwepo. Nilikaa kwenye ile mashine na kila faili niliyoiacha nje niliiona imepotea, mwenyekiti amesimama, amefungua mdomo. Nikatia ndani moduli. Nikatia ndani na hii, na hii. Ilikuwa kama kufunga milango. Nikajikuta nimefunga na ule mmoja.”

“Basi ufungue.”

“Nikifungua, hakuna kazi. Umesikia anachotaka. Anataka kanuni zikae tumboni, na mimi nikae tumboni pamoja nazo. Nikizitoa nje hanihitaji. Karani yeyote anaweza kuandika mistari ile. Hilo ndilo lilikuwa wazo lenyewe, mwaitu! Kwamba wasinihitaji.”

“Na mimi ninakuhitaji.”

“Najua.”

“Nataka ukae hapa.”

“Najua,” akasema. “Na unataka kanuni nje. Chagua basi kimoja, kwa sababu mimi nimechoka kukasirikiwa kwa vyote viwili.”

Hakuna mtoto wangu mwingine aliyewahi kusema nami hivyo. Ningeweza kumzaba kofi na watu wa hoteli wangeniunga mkono. Nilikunywa chai yangu yote, ya baridi, yenye ngozi ya maziwa juu, na yeye hakungoja nimjibu. Alitoa kalamu akachora kwenye karatasi ya mandazi: duara kubwa, ndani yake duara dogo, na pembeni ya dogo vijisanduku.

“Hii ni programu. Huyu ni mkalimani, ndani. Hivi ni vyombo vyake, moduli, ndani pia, visiazimwe tena. Hapo nilikuwa sawa na sitatoa hata kimoja.” Halafu akachora mstari kutoka kwenye duara mpaka nje kabisa, kwenye ukingo wenye mafuta. “Na kanuni hapa. Zikae nje. Faili ikikosekana, programu iseme wazi kwamba haina kanuni, na isipange kitu cha kubuni.”

“Na kazi?”

“Kazi ninayo Nairobi. Ya kuchapa barua.” Alikunja ile karatasi. “Usilie, utanikasirisha na mimi.”

Sikuwa nalia. Ilikuwa moshi wa jikoni.

Disketi ya tatu aliileta kikao kilichofuata, na vilima viliipigia kura kwa mikono juu, akina mama wengine mikono yote miwili. Mwenyekiti alihesabu kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. Mtaalamu alikusanya mkoba wake, akampa binti yangu mkono, akaenda. Kuhusu kazi ya kudumu na jina mlangoni, mwenyekiti hakusema neno tena, na hakuna aliyemkumbusha. Binti yangu alimwonyesha karani jinsi ya kufungua faili na kuandika, akahakikisha ameelewa, na kesho yake akarudi Nairobi. Alibaki huko. Watoto wake wanazungumza Kikamba kama watalii. Hilo nalo ninalo moyoni, na mwenyekiti akipita njiani mpaka leo namtazama kama mti.

Sasa mtu atadhani kanuni ya kwanza iliyoandikwa upya ilikuwa yangu. Hata mimi nilidhani. Nilikuwa naipanga kichwani, ile ya siku ya kunyoa nywele, nikisubiri kikao. Nilikwenda kwanza Salama kumwona dada yangu aliyekuwa mgonjwa. Nikarudi wakati wa kiangazi, siku ya zamu yetu, nikapeleka punda na mitungi kwenye koki, nikafungua, ikatoa upepo.

“Karatasi inasemaje?” nikamuuliza mlinzi. Alikuwa yule yule.

“Zamu imehamia ng'ambo, mama. Wana mkutano wa injili wiki nzima, wageni wengi.”

“Mkutano wa injili ni msiba?”

“Mimi si kitu hapa, mama.”

Nilikwenda mpaka Kitui mjini nikiwa na vumbi la njia nzima. Karani, mwanamke kijana mpole, alinigeuzia kioo cha kompyuta akanisomea: kama kilima kina mkutano wa injili, na vilima vimekubali, hamisha zamu. Maneno ya binti yangu yote yalikuwemo. Kubali. Hamisha.

“Nani alikubali?”

“Vilima vyote, mama. Kanuni ililetwa na yule mama wa ng'ambo, ikapigiwa kura.”

“Chetu hakikukubali.”

“Chenu pia. Wifi yako ndiye aliyekuja.”

Wifi yangu huimba kwaya. Anaimba vibaya, lakini anaimba. Nilisimama pale nikahesabu watu wa kuwakasirikia na wote walikuwa wangu.

“Ifute,” nikasema.

“Siwezi peke yangu. Na wewe pia huwezi peke yako. Lakini unaweza kuleta nyingine.”

“Andika basi.” Nilivuta benchi nikakaa. “Andika hivi: kilima kikichukua zamu ya wengine kwa ajili ya kuimba, jioni waimbaji wapeleke maji kwa wazee wa kilima walichonyang'anya. Wayabebe kwa vichwa vyao.”

“Mama, kompyuta haiwezi kujua kama wamepeleka.”

“Haiwezi. Sisi tutajua. Andika.”

Akaandika. Aliinua vidole akaniangalia. “Niiweke ianze leo?”

Na nilitaka. Mungu anisamehe, mitungi yangu ilikuwa mikavu na nilitaka ianze saa ile ile, na alikuwa ameshika kidole juu ya kitufe, na angebonyeza, maana alikuwa ananiogopa.

“Usiiweke,” nikamwambia. “Peleka vilimani kwanza wapige kura. Mimi nitangoja na hasira yangu.”